Hasi Moja

Saa nane na robo usiku, Kirumba,
simu ya Bi Minza imeandika hasi moja.
Si sifuri. Hasi moja,
ndani ya kidoa chekundu, begani mwa apu ya kikoba chetu,
kana kwamba mama wa watu amesoma ujumbe mmoja
zaidi ya aliotumiwa.

Sababu naijua, ya kijinga tu.
Alifungua ujumbe kwenye simu yake,
mjukuu wake Lufega akaufungua uleule kwenye tableti ya ghalani.
Seva ikatoa moja.
Ikatoa tena moja.
Mara mbili, kwa salamu moja ya asubuhi.
Dawa yake mistari minne:
usitoe, hesabu upya zilizobaki.
Nikaiandika, nikaifuta, nikaiandika.
Usubi wa ziwani ulikuwa umeingia dirishani,
umetapakaa kwenye kioo cha kompyuta;
nikasugua mdudu mmoja kwa kidole
kumbe ni nukta, mstari wa ishirini.

Mchana nikampelekea simu yake Mwaloni.
Amekalia gunia, anapokea dagaa wa Ukerewe kwa ndoo,
kila ndoo ikitua anadondosha kokoto
kwenye kopo la rangi.
Tazama, nikamwambia, sasa ukifungua, namba inashuka.
Kumi na saba.
Kumi na sita.
Kumi na tano.
Nikasimama pale kama fundi aliyefufua redio ya watu,
nangoja kusifiwa.

"Nani kakutuma uzipunguze?"

Si umeshazisoma, Bi Minza.

"Nimesoma. Huyu Ngolo anaomba elfu themanini ya injini.
Nimesoma, je, nimempa?
Huyu wa Kayenze anasema mtoto kalazwa Sekou Toure.
Nimesoma, je, nimekwenda?
Kokoto mimi siitoi ndoo ikionekana.
Naitoa ikilipwa.
Macho hayana pazia, mwanangu,
ila hayalipi."

Nilitaka kumweleza
kwamba kusoma ni hali moja na kujibu ni hali nyingine,
kwamba kwenye kanzidata yetu
hakuna safu inayoitwa *nimekwenda*.
Msichana akapita na beseni la barafu, anadondosha maji njia nzima.
Nikafunga mdomo.

Ofisini Bugumba akacheka mpaka akakohoa.
Watu wanataka kidoa kiondoke, kaka, wewe unataka kukirudisha?
Simu yake mwenyewe ina elfu moja mia mbili na nne
na mtu huyo analala fofofo.
Hata hivyo nikaongeza: bonyeza, shikilia,
ujumbe unarudi kuwa haujasomwa,
namba inapanda.
Bi Minza alijifunza kwa dakika moja.
Jioni hiyo alikuwa na ishirini na tisa
na sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu
aliyerudishiwa daftari lake.

Sasa niseme la kwangu.
Mimi ninayetengeneza vidoa vya wenzangu
vyangu nilivizima tangu Machi.
Usiku ule ziwani kulikuwa na giza la dagaa, mwezi umekwisha,
taa za wavuvi nyingi, nilianza kuzihesabu
nikapotea kwenye arobaini.
Nikaingia kwenye mipangilio, nikawasha.

Sitini na tatu.
Hamsini na kitu ni ofa za bando.
Benki. Benki. Kanisa, mchango wa mabati.
Halafu dada yangu Limi, Sengerema, jumbe tatu:
wa kwanza mrefu,
wa pili namba ya akaunti ya shule,
wa tatu, wa tarehe kumi na nne Juni,
neno moja:
*Upo?*

Niliufungua, na namba ikashuka yenyewe.
Apu ile si yangu, haina cha kubonyeza na kushikilia,
haijui kwamba bado sijajibu,
kwamba tunakwenda mwisho wa Agosti.

Nikatoka mlangoni. Mwanza mawe hayakosi.
Nikaokota kokoto moja, bado ina joto la mchana,
nikaiweka juu ya kibodi,
palepale kwenye kitufe
ambacho kesho lazima nikiguse.